Siyui

Darini kwangu ipo simu ya kioo kilichopasuka,
imo ndani ya kopo la halua, imefungwa kwa ukili,
yanywa jua kwenye kibao cha sola
alichokipigilia Tima binti Shekuwe
siku ile mtandao wa mji mzima ulipokatwa
na kila mtu akawa anatikisa simu yake kama saa iliyosimama.

"Shangazi," aliniambia, "hii kazi yake ni kupokeza.
Simu ya nyumba hii huipa ya nyumba ile.
Hapana mnara. Hapana ofisi. Hapana daftari kuu.
Ujumbe umejitanda leso saba;
kila simu huvua moja,
na pindoni mwa inayofuata
husoma jina la mlango mmoja tu."

Nikacheka hata sindano ikanichoma kidole.
(Nashona kofia. Kofia ni vishimo,
na kishimo ni kitu cha kuzungushiwa uzi.)

Umechelewa, mwanangu.

Mwaka nilioposwa, huku Mkomani,
sahani zilipita juu, wikio kwa wikio,
dari kwa dari, zimefunikwa kawa,
na chini ya wali, ndani ya jani la mgomba, karatasi.
Aliyenipa sikujua kapewa na nani.
Niliyempa sikumuuliza ampelekea nani.
Mkono haukujua ila mikono miwili.

Lakini palikuwa na Bwana Mselemu,
ambaye daka lake lilitazama mapito yote.
Hakusoma karatasi hata moja.
Yeye alihesabu.
Sahani imeingia kwa kina Athmani baada ya alasiri,
imetoka kwa kina Nana kabla ya magharibi:
basi fulani amwandikia fulani.
Barua hakuifungua, na siri aliijua.

Ndipo mama yangu akaanza kupeleka sahani tupu.
Tupu! Kawa juu, chini hata punje.
Asubuhi, mchana, usiku wa mvua,
sahani tupu zikazunguka mtaa kwa haraka ya harusi,
nasi twazipokea kwa adabu, twashukuru, twapitisha,
na nyingine twazilaza kwanza,
zitoke kesho pamoja na kumi wenzake.
Wali ulifika baridi. Mara nyingine ulichacha.
Hiyo ndiyo bei yake.
Mselemu akaishiwa na vidole.

Mwisho wa Shaabani niliinua kawa
nikakuta wali kweli, na mistari miwili
ya hati nisiyoijua:
*Anayekuposa ana mke Malindi, na mtoto wa kunyonya.
Muulize kodi ya chumba amlipia nani.*

Nikamuuliza.
Akainua kikombe kitupu, akakinywa.

Miaka thelathini na minane. Aliyeniandikia
huenda nimemkopesha uzi, huenda nimemzika,
huenda ndiye tuliyegombana juu ya bomba la maji.
Nawaamkia wote kama ndiye.

Jana wamekuja wawili, viatu vya kamba,
mmoja mpole, mmoja macho darini.
"Bibi, kuna maneno yamepita hapa
ya kiwanja cha skuli kilichouzwa. Nani kayatuma?"
Uongo siuwezi. "Siyui," nikasema.
"Yanakwenda kwa nani?"
"Siyui."
"Sasa wapitisha kitu usichokijua?"

Swali hilo ndilo lililoninyima usingizi.
Kwani huenda kweli kopo langu la halua
lapitisha matusi, picha ya aibu ya mwana wa mtu,
uzushi wa kumvunjia mtu nyumba,
nami leso siwezi kuivua, hata kuchungulia.
Tima asema hayo ndiyo masharti.
Tima ana miaka ishirini na miwili.

Usiku nikapanda, nikalishika kopo.
Kitaa kikapepesa kijani, kikazima, kikapepesa:
mtu ampa mtu kitu,
au sahani tupu. Nyingi, asema, ni tupu.

Nikalirudisha mahali pake, nikakaza ukili,
nikasema bismillahi, kama nisemavyo
nikipokea chochote kilichofunikwa.